Mguu Usiouma

Haya nayaandika kwa ajili ya mtu mmoja nisiyemjua. Amekaa kwenye kiti kipana kisicho na mikono, katika kliniki ya miguu, anasubiri kuitwa jina, na anajiambia kwamba hakuna jambo kubwa kwa sababu haumwi popote. Nimewahi kukaa kwenye kiti hicho. Mimi si daktari, na sitakueleza sukari inafanya nini ndani ya damu. Wapo watakaokueleza. Nitakusimulia tu nilivyoogopa, na mambo yalivyokwenda nikiwa ndani ya hofu hiyo.

Naitwa Mwadime. Nilizaliwa Voi, nikafanya kazi Mombasa, kisha nikaja Birmingham kwa kaka yangu na nikabaki. Nilikuwa naendesha foklifti kwenye ghala moja kule Washwood Heath, na nyumba yetu iko Lozells. Mke wangu Mele anatoka Tonga, visiwa vya Pasifiki, mbali kiasi kwamba kwao wakiamka Jumatatu sisi huku bado tuko Jumapili. Kazi yake ni kutunza wazee majumbani. Tulikutana kanisani, siku ambayo kila mtu aliambiwa alete chakula cha kwao. Yeye alileta majani ya magimbi yaliyofungwa pamoja na nyama ya kopo na tui zito la nazi. Nilikula, nikarudi kuongeza, nikarudi tena. Alicheka, akasema kwao mwanamume anayekula hivyo huozeshwa siku hiyo hiyo. Tuna binti mmoja, Mshai, ana miaka kumi na miwili. Anaelewa Kiswahili changu chote na hunijibu kwa Kiingereza.

Nilinenepa polepole, kama nyumba inavyojaa vitu. Chipsi na kuku wa kukaanga wakati wa mapumziko, soda mkononi ndani ya foklifti, na Jumapili meza ya Mele. Upande wake na upande wangu, hakuna aliyeuona unene kuwa ugonjwa. Kwa mama yangu ulikuwa ushahidi kwamba Ulaya imenikubali. "Sasa unafanana na mtu," aliniambia kwenye simu ya video, nami nikarudi nyuma hatua kidogo ili anione vizuri. Kwa kina Mele mtu mkubwa ni mtu aliyependwa. Pakitokea msiba watu huleta maboksi ya nyama ya mbavu za kondoo, mafuta matupu, iliyosafirishwa kwa meli kutoka nchi nyingine, na kinachobaki wageni hufungiwa waende nacho. Ukikataa, umemtukana mfiwa. Kwa hiyo siku nesi wa zahanati yetu aliponiambia nina sukari, na mizani ya chumbani kwake ikashindwa kunipima hadi nikapelekwa kwenye nyingine kule nyuma, nilirudi nyumbani tukanywa chai. Nilipewa vidonge. Siku nyingine nilivimeza, siku nyingine nilivisahau. Sikuogopa. Ningeogopa wakati ule, simulizi hii ingekuwa fupi.

Baridi ilikuwa inaanza, majani yameganda kwenye lami kwa mvua. Nilirudi kutoka kazini nikavua buti mlangoni. Mshai alikuwa amekaa kwenye ngazi na simu yake. Akaniambia, bila kuinua sauti, kwamba soksi yangu ina damu.

Nikajaribu kuinua mguu niutazame unyayo. Tumbo likanizuia. Nikajaribu kukaa kwenye ngazi na kuuvuta kwa mkono, nikaishiwa pumzi. Nikamwita Mele. Alipiga magoti, akaivuta soksi, nikaona uso wake ukibadilika kabla sijajua kuna nini. Akauachia mguu wangu, akasimama, akaenda jikoni na kufunga mlango. Mshai ndiye aliyeligeuza buti juu chini. Ikadondoka skrubu, moja ya zile za kufungia makreti. Nilikuwa nimeikanyaga siku nzima. Labda siku mbili. Sijui, na hilo ndilo lililoanza kunitisha: sijui.

Kwenye kliniki ya miguu nilipokewa na nesi anayeitwa Sandra, mwanamke wa makamo mwenye mikono ya joto. Aliniambia nilale, nifumbe macho, na kila nikisikia anagusa unyayo niseme "ndiyo". Nikafumba macho. Nikangoja. Nilisikia kiti chake kikisogea, nikasikia mtu akikohoa nje. Nikaona anachelewa.

"Utaanza lini?" nikamuuliza.

"Nimeshamaliza," akasema.

Nikafumbua macho. Alikuwa ameshika kitu kama uzi wa kuvulia samaki, na alinitazama kwa upole ambao sikuupenda. Nilitaka arudie. Akarudia, safari hii macho yangu yako wazi. Nikauona uzi ukipinda kwenye ngozi yangu, kisigino, katikati, chini ya kidole gumba, na kwangu hakukuwa na kitu. Ilikuwa kama ninatazama mguu wa mtu mwingine.

Tangu siku hiyo nilianza kuutazama mguu wangu kama mnyama aliyeingia nyumbani. Nilikuwa naulaza juu ya mto nikiuangalia. Nilijua unaweza kuoza nikiwa nacheka na watu. Maumivu, ambayo maisha yangu yote niliyakimbia, ndiyo niliyokuwa nayaomba.

Mele hakutaka kuuona. Alipika, alifua, alinipigia simu kutoka kazini kuniuliza kama nimemeza dawa, lakini ikifika saa ya kubadilisha bandeji alipanda juu. Siku moja nilirudi nikakuta amezitoa kabatini soda zote, nyama zote za kopo, mafuta yote ya kukaangia, amezifunga kwenye mifuko ya taka. Nilifungua friji nikachukua kipande cha keki kilichosalia kwenye siku ya kuzaliwa ya Mshai. Akanitazama nikila.

"Unakula kama mtu anayetaka kuniacha," akasema.

Nikakasirika. Nikamwambia chakula hiki hiki ndicho alichonilisha miaka yote. Alichukua koti lake akaenda kutembea, mvua ikinyesha, na Mshai akaniuliza kwa Kiingereza kama mama yake atarudi. Nikasema ndiyo, bila uhakika.

Kabla ya Krismasi kidole gumba kilikuwa cheusi. Walikikata pamoja na kile kilicho jirani yake. Nilikaa wodini na dripu mkononi, na nesi wa zamu alipokuwa anafunua shuka kutazama, nami nilikuwa nautazama uso wake. Niliwasoma wote hivyo. Nilijua nani anaweza kuficha na nani hawezi. Mele alikuja kila siku. Alikaa upande wa kichwa.

Miezi iliyofuata niliipima kwa kliniki. Jumanne kusafishwa kidonda, Ijumaa kubadilishwa bandeji, basi la kwenda mjini na basi la kurudi, mguu ndani ya buti kubwa la plastiki kama la mtu anayekwenda mwezini. Kwenye chumba cha kusubiri nilimkuta Mzee Haji, Mzanzibari mwenye duka dogo mtaani kwetu. Nilizoea kununua unga kwake bila kujua kwamba nyuma ya kaunta ana mguu mmoja tu.

"Wewe mwanangu wa bara ya wapi?" aliniuliza siku ya kwanza.

"Voi."

"Haya. Voi si mbali na bahari, tutasikilizana."

Alikuwa na desturi ya kunisogezea gazeti lake kila mlango ulipofunguliwa na jina lisiwe langu. Hakunipa moyo kwa maneno makubwa. Nilipomuuliza kama aliogopa, alisema, "Mpaka leo naogopa. Huu uliobaki nauogopa zaidi kuliko ule ulokwenda." Ajabu ni kwamba nilirudi nyumbani siku hiyo nikiwa mwepesi. Nilikuwa nadhani ni mimi tu.

Masika ya huku yalipofika, miti imeanza kutoa maua kando ya barabara, nilishikwa na kutetemeka ndani ya basi. Meno yaligongana hadi mama aliyekaa mbele akageuka. Niliteremka kituo cha mbele nikaegemea ukuta, na hapo ndipo wapita njia waliponiitia gari la wagonjwa. Sikukumbuka mengi ya jioni ile. Nilipopata fahamu sawasawa, daktari wa upasuaji alikuwa amekaa, hakusimama, kwenye kiti kando ya kitanda changu, na nilishajifunza kwamba daktari akikaa ni habari mbaya.

Akasema uchafu umeingia kwenye mfupa wa mguu na unapanda. Dawa hazifiki huko vya kutosha. Anataka kukata chini ya goti. "Tukisubiri," akasema, "tutakuwa tunazungumzia juu ya goti. Na baada ya hapo hatutakuwa tunazungumzia mguu."

Mele alikuwa pale. Alisema neno moja: "Hapana."

Daktari akangoja.

"Hakatwi," Mele akasema. "Naenda naye nyumbani."

Alipoondoka daktari, mke wangu alikuja upande wa miguu kwa mara ya kwanza. Hakuitazama bandeji. Alishika chuma cha kitanda kwa mikono miwili. Akaniambia jambo ambalo katika miaka yote ya ndoa yetu alikuwa amelisema kwa kifupi tu, kwamba baba yake alikufa kwa sukari. Mele alikuwa ameshakuja Uingereza wakati huo. Baba yake alikanyaga msumari. Walimpeleka hospitali wakamkata mguu, na kabla juma halijaisha akafa.

"Kwetu mtu akipelekwa kukatwa, wanawake wanaanza kutoa mikeka ya msiba," akasema. "Wanaitoa akiwa bado hai, Mwadime. Wanaikung'uta vumbi. Kila ninayemfahamu aliyekatwa alikufa. Hakuna aliyerudi."

Nikawa nimebanwa kati ya hofu mbili. Nilikuwa naogopa kisu, na naogopa kukikosa. Nikafumba macho nikajiona niko Voi, mwili wangu umebaki nusu, watu wanauliza kilichonipata. Nikampigia mama, maana sikujua nimpigie nani mwingine. Nilimweleza yote. Nikasikia kuku wake nyuma.

"Mwanangu," akasema, "utatembeaje kuja kunizika?"

Kisha akasema, kama anayejijibu mwenyewe, "Afadhali uje kwa mguu mmoja." Akakata simu kwa sababu alianza kulia na hakutaka nisikie.

Mele hakubadilika. Aliomba nafasi hadi kesho yake, daktari akakubali kwa shingo upande. Asubuhi alitoka kwenye korido kumpigia dada yake Sela, ambaye hakuwahi kuhama kisiwani, na ndiye aliyemuuguza baba yao. Nadhani alitaka Sela amuunge mkono. Mlango wa wodi ulikuwa na kioo, nikawa namwona. Alianza kwa kusema sana. Kisha akawa anasikiliza. Kisha akageuka akaupa mlango mgongo, akaweka mkono ukutani, na akakaa hivyo muda mrefu hata mtu wa chai akampita mara mbili.

Aliporudi, uso wake ulikuwa umevimba. Alivuta kiti.

"Walimwambia mapema," akasema. "Baba. Daktari wa kwetu alimwambia akatwe wakati kidonda kiko kwenye vidole. Alikataa. Akarudi nyumbani, akakaa majira yote ya mvua akipaka dawa za majani, akamkataza Sela asituambie sisi tulioko nje. Walipomkata, damu yote ilikuwa imeshaharibika."

"Kwa nini Sela hakusema?"

"Kwa sababu msibani watu walishaamua kwamba ni kisu. Na yeye alikuwa amemwahidi." Alijifuta kwa kiganja. "Hawafi kwa kukatwa, Mwadime. Wanafika wamechelewa. Wote wale. Wanafika wamechelewa, halafu tunasema ni hospitali."

Kisha akaifunua shuka. Akaifungua bandeji mwenyewe, kwa mikono ile ile inayofungua za wazee wa watu wengine kila siku, akautazama mguu wangu mpaka akatosheka kuutazama. Harufu ilikuwa mbaya. Hakugeuza uso. Akaufunga tena, vizuri kuliko ulivyokuwa, akaenda kumtafuta daktari.

Sitakudanganya kwamba baada ya hapo nilitulia. Nilitetemeka nikisukumwa kwenda chumba cha upasuaji, na mtu aliyekuwa akisukuma kitanda alidhani nasikia baridi, akaniongezea blanketi. Nilimshukuru. Mele alitembea kando yangu hadi kwenye milango ambayo hakuruhusiwa kupita. Aliimba kwa sauti ndogo wimbo wa kanisani kwao ambao sijui maana yake. Nilitaka kumwambia amwangalie Mshai, lakini milango ikafungwa.

Nilipozinduka, kitu cha kwanza nilichosikia ni kidole gumba kuwasha. Kile kile kilichokatwa kabla ya Krismasi. Nikanyoosha mkono nijikune, nikagusa shuka tupu. Nililia kwa sauti, mwanamume mzima, na mgonjwa wa kitanda cha pili akavuta pazia lake ili anipe faragha. Baadaye Mzee Haji alikuja kunitazama na mkate wa mofa aliochoma mke wake. Nikamweleza habari ya kuwasha. Akacheka kidogo. "Wangu unawasha mpaka leo, hasa siku za mvua. Na hapa Birmingham mvua haina msimu."

Majira ya joto yalinikuta kwenye ukumbi wa mazoezi, katikati ya vyuma viwili, nikijifunza kusimama juu ya mguu wa kutengenezwa. Nilianguka. Nilichubuka. Kisiki, kile kipande cha mguu kilichobaki chini ya goti, kilivimba wakati wa joto na kunywea asubuhi. Uzito ulipungua, kwanza kwa ugonjwa, baadaye kwa kutembea na kwa chakula, maana Mele alianza kupika magimbi na samaki kama bibi yake alivyokuwa akipika kabla makopo hayajafika kisiwani. Ngozi ya tumbo ililegea ikaning'inia. Pete ya ndoa ilinitoka ikaingia kwenye sinki. Mama aliponiona kwenye video alishtuka zaidi kwa mashavu kuliko kwa mguu. "Hawakulishi?" akauliza. Nikamwambia ananiona nilivyo sasa, na ndivyo ninavyotakiwa kuwa. Hakuridhika, bado hajaridhika.

Kila asubuhi Mele hukaa kitandani, huuweka mguu wangu uliobaki mapajani mwake, huupitisha vidole kila mahali. Asipokuwepo, Mshai hufanya hivyo kabla ya shule, akinung'unika. Katika dakika hiyo huwa sipumui. Wananicheka. Sijali.

Mwezi wa tisa Sela alipiga simu. Alisema manesi wa serikali wanakwenda kila mwezi kwenye ukumbi wa kanisa la kijijini kwao kupima watu sukari na viuno, na watu wanakwenda, wanachekeana kwenye mizani, wanapiga picha. Lakini hakuna anayekubali kuvua viatu. Wanasema mguu hauumi, uonyeshwe wa nini. Mume wake mwenyewe amekataa. Akauliza kama ningekubali kuzungumza nao kwenye video.

Nilikataa. Niliona aibu. Sijui lugha yao, na nilifikiri hawatanisikiliza, mtu mweusi kutoka Afrika aliyekaa Uingereza. Mele hakunisukuma. Alisema tu kwamba mume wa Sela ana umri wangu.

Mwishowe nilikubali. Kwetu ilikuwa Jumapili asubuhi na mapema, kwao jioni ya siku hiyo hiyo. Sela alisimamisha simu juu ya kiti mbele ya ukumbi, nikawaona: wanaume na wanawake wakubwa, nguo safi, wamejaa kwenye mabenchi, watoto miguuni pao. Walinisalimia kwa pamoja. Mele alikaa kando yangu kutafsiri. Nilikuwa nimepanga maneno, yote yakapotea. Basi nikavuta suruali, nikauvua mguu wa kutengenezwa, nikausogeza mwili ili simu ione kisiki.

Mama mmoja alimvuta mtoto wake karibu. Nikafikiri nimewatisha bure, nikaanza kujifunika.

Mzee mmoja wa benchi la mbele akasema kitu. Mele akanigeukia.

"Anauliza, kidonda kilipoanza kiliuma sana?"

"Hapana," nikasema. "Hakikuuma hata kidogo. Hata leo ningekuwa bado nangoja kianze kuuma."

Mele alitafsiri. Alitafsiri kwa muda mrefu kuliko nilivyosema, na katikati nikasikia neno la kumtaja baba yake. Sela, nyuma ya simu, aliinamisha kichwa.

Yule mzee akainama kufungua kiatu chake. Tumbo lilimzuia, kama langu lilivyonizuia. Akajaribu tena, akaishiwa pumzi. Mwanamke aliyekaa jirani yake akashuka kwenye benchi, akakifungua, akauinua mguu wake akauweka mapajani, akaanza kuutazama katikati ya vidole. Nyuma yao mtu mwingine akavua. Kisha benchi zima. Hakuna aliyeweza kuona unyayo wake mwenyewe, kwa hiyo kila mmoja alishika mguu wa mwenziwe, akauelekeza kwenye mwanga.